Dhana potofu kuhusu besi ya James Jamerson

"Mwalimu, nataka kupiga noti nyingi kama Jamerson." Sentensi hii nimeisikia kwa wanafunzi kupita kiasi, na inanikera kwa sababu mtu akishaiamini, haisikilizi tena rekodi yenyewe.

James Jamerson, mpiga gitaa la besi wa Detroit aliyebeba rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya huko, katika miaka ya 1960, hakuwa mtu wa kujaza nafasi. Sikiliza "My Girl" ya The Temptations, ya mwaka 1964. Besi inaanza peke yake, kwa noti chache ambazo hata mtoto anaweza kuzishika, na wimbo mzima umesimama juu yake. Nenda kwenye "Bernadette" ya Four Tops, ya 1967, hapo ndipo besi inakimbia kweli. Lakini punguza kasi, uhesabu. Utakuta kimya kingi, na utakuta noti zinazoangukia katikati ya mapigo, pale ambapo mpiga drams hajagusa kitu.

Jaribu hivi. Kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ni C, inayofuata ni F, mapigo ni manne. Piga C kwenye pigo la kwanza uiache ilie. Rudia C baada ya pigo la pili, pale tunapohesabu "na". Pigo la tatu liache tupu kabisa. Kwenye la nne weka E-flati (nusu hatua chini ya E), "na" yake E, kisha utue F mzunguko mpya unapofunguka. Ni noti nne tu kabla ya F, na zinacheza. Wengi wanashindwa kwenye lile pigo la tatu, si kwa sababu ya vidole: hawavumilii kimya, lazima waingize kitu. Mwanafunzi wa namna hiyo namwambia aweke besi chini, aimbe mstari huku akipiga makofi. Asipoweza kuuimba, bado hajaujua, na sitaki kumwona akigusa nyuzi.

Zile noti za kupanda nusu hatua kuelekea kodi inayofuata zilitoka kwenye jazi. Jamerson alianzia besi kubwa ya kusimama akiwa shuleni Detroit. Alipenda pia nyuzi tupu, zinazopigwa bila kubonyezwa. Ukiwa kwenye C ya freti ya nane (freti ni vile vipande vya chuma shingoni), uzi wa E, na unataka B-flati ya freti ya kwanza kwenye uzi wa A, piga A tupu katikati: sauti inaendelea huku mkono ukisafiri.

Eti siri ni kidole kimoja. Ni kweli alipiga kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, hata kikaitwa "The Hook", yaani ndoano. Kinachokupa ni noti zenye uzito sawa, basi. Mdundo hakileti. Anza na viwili, ukihakikisha havitofautiani.

Eti alipiga kwa kubahatisha, hakujua muziki wa maandishi. Si kweli. Alisoma noti, na studio mara nyingi alipewa karatasi ya kodi akatengeneza mstari hapohapo. Huwezi kufanya hivyo bila kujua kila kodi ina noti zipi.

Kuhusu vifaa, watu wanaacha nyuzi zao zishike kutu wakiamini wanamfuata. Yeye alitumia besi ya umeme, Fender Precision ya 1962, yenye nyuzi bapa nene (zilizozungushiwa waya bapa, laini), na hakuzibadilisha mpaka zikatike. Nyuzi za mikwaruzo, zilizozungushiwa waya wa duara, zikichakaa haziwi bapa, zinakuwa mbovu tu. Nunua za bapa, na usihangaike kutafuta amplifaya ya zamani, maana pale Motown besi iliingizwa moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodia. Halafu kata kipande cha sponji, ukiweke chini ya nyuzi karibu kabisa na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa besi, ili kufupisha mlio. Kiguse tu, ukikibana sana, noti inakufa kabla haijasikika.