Kaimu kocha si kocha wa muda

Kila Manchester United wanapofukuza kocha, takwimu ileile hufufuliwa: Michael Carrick aliiongoza timu mechi 3 mwaka 2021, akashinda 2, akatoa sare 1, hakufungwa. Halafu anapangwa mstari mmoja na Ralf Rangnick, Mjerumani aliyempokea timu, wote wakiitwa makocha wa muda. Hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza.

Kaimu kocha ni mtu ambaye tayari yuko ndani ya klabu, anayeshika timu kiti kikiwa wazi. Kocha wa muda, au wa mpito, ameajiriwa kwa kazi hiyo hadi kipindi kinachojulikana, mara nyingi mwisho wa msimu.

Maofisini tofauti hii haimsumbui mtu. Kaimu limetoka kwenye Kiarabu, qaim maqam, yaani anayesimama mahali pa mwingine. Nusu ya pili ndiyo iliyotupa makamu. Kaimu mkurugenzi anasaini barua na kuongoza vikao, lakini hakuna anayetegemea apangue idara nzima wakati bosi mpya yuko njiani. Tukifika kwenye mpira, sijui akili hiyo tunaiacha wapi.

Tumwangalie Carrick mwenyewe. Mtoto wa Wallsend, kiungo wa West Ham na Tottenham, akahamia United mwaka 2006, akacheza mechi 464 na kubeba ubingwa wa ligi mara 5. Alipostaafu mwaka 2018 akaingia benchi la ufundi, chini ya José Mourinho kisha Ole Gunnar Solskjær. Novemba 21, 2021, siku moja baada ya kipigo cha 4-1 kwa Watford, Solskjær akaondolewa. Carrick akaambiwa ashike. Hakuwa na usajili wa kufanya, hakuwa na wasaidizi wapya, na hata muda wa kufundisha mfumo hakuwa nao. Siku 2 baadaye alikuwa Hispania akiifunga Villarreal 2-0. Akaenda Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea, Cristiano Ronaldo akaanzia benchi, ikaisha 1-1. Desemba 2 akaifunga Arsenal 3-2 huku Rangnick, aliyekwishatangazwa, akitazama kutoka jukwaani. Kipenga kikalia, na usiku huohuo klabu ikatangaza kwamba Carrick anaondoka.

Rangnick yeye alipewa hadi mwisho wa msimu. Alikuja na msaidizi wake, Chris Armas, na mfumo wake wa 4-2-2-2. Huyo unaweza kumhukumu kwa alichojenga au alichoshindwa kujenga. Carrick wa 2021 utamhukumu kwa lipi zaidi ya matokeo ya siku 10?

Chelsea walituonyesha yote mawili ndani ya wiki moja, Aprili 2023. Graham Potter alifukuzwa, Bruno Saltor aliyekuwa benchi lake akakaimu mechi 1, 0-0 na Liverpool, kisha Frank Lampard, kiungo mwingine wa Kiingereza, akaitwa hadi mwisho wa msimu. Mechi 11, ushindi 1. Hizo ni za Lampard kihalali, ila ile 0-0 msimbebeshe.

Na msiseme kaimu ni yule asiyethibitishwa. Solskjær alithibitishwa Machi 2019, lakini hakuwahi kuwa kaimu: Desemba 2018 alichukuliwa kutoka Molde ya Norway kuja kumalizia msimu. Alikuwa kocha wa muda tangu siku ya kwanza.

Carrick naye baadaye akapata timu yake, Middlesbrough, Oktoba 2022. Aliikuta nafasi ya 21 katika ligi daraja la pili ya England, akamaliza ya 4. Januari 2026 akarudi Old Trafford, nyumbani kwa United, baada ya kocha Rúben Amorim kuondolewa. Safari hii aliyekaimu alikuwa Darren Fletcher, aliyekuwa tayari ndani ya klabu, na Carrick akapewa timu hadi mwisho wa msimu. Kwa hiyo mkitaja zile mechi 3 bila kufungwa, andikeni tu "akiwa kaimu, 2021", na msizijumlishe na za 2026.