Je, wajua kama ni kweli wazee hawahitaji usingizi mwingi?

Bibi yangu wa Magomeni huamka saa tisa usiku, akachemsha chai, kisha akakaa barazani kuisubiri adhana ya alfajiri. Kwa miaka mingi nilimweleza kila aliyeuliza kwamba hilo ni jambo la kawaida, kwa kuwa mwili wa mzee umemaliza kukua na haudai tena usingizi mwingi. Nilikosea, na ushahidi ulikuwa mbele ya macho yangu: ifikapo saa sita mchana, bibi husinzia akiwa na ungo wa mchele mapajani, chuya zikiwa hazijatolewa hata nusu. Kinachopungua uzeeni ni uwezo wa kulala, wala si haja ya kulala. Wataalamu hupendekeza muda wa saa 7 hadi 8 kwa wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, kiasi ambacho hakipishani sana na cha kijana. Usingizi mzito ndio unaopungua, na huo uliobaki hukatizwa na haja ndogo, maumivu ya magoti au pumzi inayokwama kooni.

Kwa nini akili iathirike usingizi unapokatizwa? Fikiria Kariakoo. Mchana bidhaa zimepangwa hadi katikati ya njia, na mfagiaji hapati pa kupitisha toroli lake. Usiku meza zikiondolewa, njia hupanuka na taka huzolewa. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walieleza kwamba panya wanapolala, nafasi zilizo kati ya seli za ubongo hupanuka kwa takriban asilimia 60, majimaji hupita kwa wepesi, na protini ya amiloidi, ile inayorundikana katika ugonjwa wa kusahau uitwao Alzheimer, huondolewa kwa kasi maradufu. Anayeamka kila mara ni sawa na soko linalofunguliwa tena kabla mfagiaji hajamaliza mtaa mmoja.

Mfano huu naupenda kuliko inavyostahili, kwa sababu mwaka 2024 watafiti wa London, wakitumia panya vilevile, walipata kinyume chake: usafishaji ulipungua usingizini. Kwa binadamu, utafiti wa Uingereza uliofuatilia watu karibu 8,000 kwa miaka 25 ulionyesha kwamba waliozoea kulala muda wa saa 6 au pungufu wakiwa na miaka 50 na 60 walikuwa na hatari ya ugonjwa wa kusahau iliyozidi kwa takriban asilimia 30. Hata hivyo, ugonjwa huo huanza kimyakimya miaka mingi kabla ya dalili, kwa hiyo huenda wakati mwingine ugonjwa wenyewe ndio unaovuruga usingizi.

La ajabu zaidi ni dawa. Vile vidonge vya zamani vya mafua vinavyoleta usingizi, ambavyo majirani hugawiana kwa nia njema, huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huihitaji katika kukumbuka. Bibi alimeza kimoja akalala fofofo. Asubuhi yake aliniuliza mara tatu leo ni siku gani.