Tathmini ya mradi wa utafiti wa lishe hupima nini?

Serikali ikitoa pesa watafiti wachunguze kwa nini watoto wa Malindi na Magarini, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wanadumaa (wanakuwa wafupi kuliko umri wao), ipo siku itabidi iulize pesa zile zimeleta nini. Kulitafuta jibu hilo kwa vigezo vilivyowekwa tangu mwanzo ndiko kutathmini utendaji wa mradi. Mkaguzi wa hesabu hutaka risiti. Mtathmini hutaka kujua kama utafiti ulifanywa sawasawa, na kama kuna aliyeutumia.

Semina ngapi, ripoti ngapi, wangapi walilipwa posho: haya ni rahisi kuhesabu, ndiyo maana yanajaa kwenye ripoti. Mradi mbovu huyatoa tele.

Kuna pia mazoea ya kudhani kwamba utafiti uliojibu “hapana” umefeli. Mfano tunao hapa hapa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huweza kufa kwa maambukizi hata baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Watafiti wa Kilifi wakauliza: akipewa septrini, dawa ya kupambana na bakteria, kila siku kwa miezi 6, je, atanusurika? Waliandikishwa watoto 1,778 katika hospitali 4, ya Malindi ikiwemo. Nusu wakapata septrini, nusu dawa inayofanana nayo lakini haina kitu ndani. Matokeo yalitoka 2016. Ndani ya mwaka mmoja walifariki asilimia 14 upande wa septrini na 15 upande wa pili, yaani dawa haikuokoa maisha. Ukiniuliza, hiyo ni kazi ya kupewa alama za juu: swali lilikuwa zito, na jibu linazuia watoto kumezeshwa vidonge miezi sita bure.

Halafu kuna vipimo vyenyewe. Utepe wa kupimia huzungushwa katikati ya mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko; chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Ukikazwa kidogo, au mtoto akirusha mkono huku analia, 11.7 inasomeka 11.4. Kwa hiyo mtathmini makini huomba daftari la siku wapimaji wawili walipompima mtoto yuleyule, kila mmoja bila kuona namba ya mwenzake. Daftari hilo likikosekana, mimi nisingejisumbua na kurasa zilizobaki.

Kigumu zaidi ni kujua nani wa kushukuriwa au kulaumiwa. Udumavu nchini Kenya ulishuka kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 18 mwaka 2022, ilhali kaunti ya Kilifi, ambamo Malindi imo, ilikuwa na asilimia 37 mwaka huo wa 2022. Huwezi kuwatupia watafiti lawama moja kwa moja: tangu mwishoni mwa 2020 mvua ilikosekana msimu baada ya msimu, na unga ukapanda bei. Isitoshe, udumavu huanza mimba ikiwa tumboni na hujengeka mpaka mtoto afike miaka miwili, kwa hiyo faida ya ushauri unaotolewa leo haionekani mwakani. Mwaka wa fedha wa serikali nao hufungwa tarehe 30 Juni, na ripoti inatakiwa mezani.