Betri mpya, gari bado haiwaki
Hapa Goma, gari ikikataa kuwaka, jibu la kwanza utakalosikia ni: «Nunua betri.» Jirani yangu wa Katindo alinunua, akaifunga, akazungusha ufunguo: tik, halafu kimya. Akaamini ameuziwa mbovu. Tuliipima, ikasoma volti 12.6, imejaa kabisa. Betri hutunza umeme tu; kuufikisha kwenye stata, mota inayozungusha injini ili iwake, au demarere kama wasemavyo mafundi wetu, ni kazi ya kebo.

Kebo ya masi, ile inayotoka ncha hasi ya betri kwenda kwenye injini, ilikuwa na unga wa kijani chini ya boliti, na boliti yenyewe ilizunguka kwa vidole. Kwa barabara zetu za mawe ya volkano, sishangai. Stata huvuta ampea 100 na zaidi. Kutu kidogo inatosha kuzizuia, ingawa taa zinawaka vizuri. Taa ndizo zinazodanganya wengi.

Weka mita ya kupimia volti kati ya ncha hasi ya betri na chuma cha injini, mwenzako azungushe ufunguo. Ikizidi volti 0.5, masi ni mbaya. Tulisugua kwa msasa, tukakaza, injini ikanguruma papo hapo.

Injini ikizunguka bila kuwaka, hapo tafuta kwenye petroli au plagi.