Mahindi yakifika gotini ndio upalilie? Umeshachelewa

Kila msimu nasikia hii, "magugu bado madogo bwana, yaache yakue kidogo tupige palizi moja tumalize". Jamani hapana, na inaniuma kwa sababu mtu ameshatoa hela ya mbegu na ya trekta halafu mavuno anayapoteza kwenye wiki chache tu za mwanzo.

Ukweli ni kwamba mahindi yanaumia yakiwa machanga. Tangu kama wiki ya 2 mpaka ya 6 baada ya kuota shamba linatakiwa liwe safi, maana mche ukiwa na majani kama 7 au 8 tayari umeshapanga gunzi litakuwa na mistari mingapi ya punje, na ukishapanga mistari michache hata ukipalilia vizuri vipi baadaye haiongezeki. Tena sio maji na mbolea tu vinavyogombaniwa. Mwanga ukigonga magugu ya jirani unarudi umebadilika na mahindi yanaugundua, yanaanza kukimbilia juu na mizizi inabaki nyuma, na hapo magugu yenyewe bado madogo unayaona hayana shida!

Eti "weka mbolea ya urea kwanza, mahindi yatayashinda magugu". Unalisha magugu yenyewe, ndago na mchicha pori. Palilia kwanza, udongo ukiwa na unyevu ndio uweke.

"Dawa ya magugu ipo, nitapiga hata yakiwa marefu." Inategemea dawa gani. Atrazini inaingia zaidi kwa mizizi, inataka udongo wenye unyevu na magugu yanayoota au ndio kwanza yameota, yakishakuwa marefu umemwaga hela, na ndago haiiwezi vizuri. Halafu kama umepanda mahindi kwa kuchanganya na maharage usiipige kabisa, itayaua. Na glaifoseti ni ya kusafisha shamba kabla ya mahindi kuota, ikigusa mahindi ya kawaida yanakufa na magugu yake.

Sasa kiduha, lile gugu linalonyonya mahindi kwenye mizizi, hiki ndio kinadanganya watu wengi. Mtu anaona vile vimaua vya zambarau anasema kiduha kimeingia leo, kumbe kilishajishika kwenye mizizi chini ya ardhi wiki kadhaa nyuma kikinyonya, na mahindi yalikuwa yananyauka ukadhani ni jua. Kwa hiyo kukiona ndio ung'oe hakuokoi sana mahindi ya mwaka huu, ila ng'oa tu na uwahi kabla hakijakomaza mbegu, kwa sababu mche mmoja unamwaga mbegu makumi ya maelfu ndogo kama vumbi na zinakaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Kule magharibi mwa Kenya wakulima wanapanda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, mizizi yake inafanya mbegu za kiduha ziote halafu zikose pa kujishika, zinafia humohumo ardhini, na majani yake wanakata wanalisha ng'ombe.