Mgonjwa akisema "nimechoka, nataka kufa", daktari amsikieje?

Kuna mzee mmoja hapa Malindi, simtaji jina, nahodha mstaafu, saratani ya tezi dume ishaingia kwenye mifupa. Asubuhi moja kwenye raundi akamwambia daktari kijana, "Mwanangu, nipe dawa nilale nisiamke tena." Kijana akashtuka, akamwambia mzee usiseme hivyo, Mungu yupo, akafunga faili akaenda kitanda cha pili. Mimi simlaumu, manake dozi alifundishwa ila neno kama lile hakufundishwa alijibu vipi.

Kenya kumsaidia mtu ajiue ni kosa la jinai, na Katiba kifungu cha 26 inalinda uhai, hilo halina mjadala. Lakini maneno yenyewe yanasemwa, wodini Malindi yanasemwa na majumbani Lamu yanasemwa, na daktari asiyejua kuyasikiliza atampoteza mgonjwa. Hata wenzetu walioruhusu daktari kumsaidia mgonjwa kufa bado wanahangaika na hapo hapo. Kanada sheria ilipita 2016, lakini mwenye ugonjwa wa akili tu bila ugonjwa mwingine wamemzuia mpaka Machi 2027, sababu moja ni kwamba wahudumu hawajawa tayari. Oregon kule Marekani, ambako sheria inatumika tangu 1997, daktari akishuku depresheni, yani sonona, imemvuruga mgonjwa kwenye uamuzi wake lazima kwanza ampeleke kwa mtaalamu wa akili.

Na depresheni kwa mgonjwa mahututi inajificha sana. Kukonda, kukosa usingizi, kutotaka chakula, yote hayo saratani yenyewe inaleta, sasa ukitegemea hizo dalili utapotea. Sisi tunawafundisha madaktari waangalie mtu anavyojiona, yani anajiona hana thamani, anajilaumu kwa kuugua, hata mjukuu akiingia hageuki kumtazama. Alafu waulize wazi wazi, unafikiria kujiua? Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, wengi wanashusha pumzi kuona kuna aliyethubutu.

Kwa yule mzee tulivuta kigoda tukakaa usawa wa uso wake. Mzee, nini hasa kimekuchosha? Akanyamaza sana, akasema "usiku". Kumbe mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, alikuwa hapewi mpaka alie kwanza, manake bintiye aliambiwa na majirani baba atakuwa teja, na pwani yetu hii neno teja linatisha kwelikweli. Tukamweleza binti kwamba ile dawa ya maumivu inatolewa kila baada ya saa 4, kwa saa, haingojwi maumivu yapande. La pili lilimtoka polepole, binti aliacha kuchoma mahamri ili amuuguze, akasema "nimemfungia mwanangu riziki yake". Hapo ndipo tukaona na depresheni ipo, tukaanza dawa, ambayo huchukua wiki 2 mpaka 4 kufanya kazi, na shangazi mtu akaja kushika zamu za asubuhi.

Kwa walio nyumbani, mgonjwa wenu akitamka hivyo msimkatize kwa kumwambia anakufuru, mwacheni amalize, muulizeni kinachomuuma zaidi, na akisema anafikiria kujiua msimwache peke yake, wekeni dawa mbali naye na mumlete siku hiyo hiyo. Na msiogope polisi, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, cha kumshtaki aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume na Katiba. Mkifika mwambieni daktari maneno yale yale aliyoyasema mgonjwa, msiyapambe.