Je, wajua kwa nini kifua kikuu hakitafutwi kwenye damu?

“Malaria munaionaka mu damu, SIDA munaionaka mu damu. Juu ya nini hii ya kifua munaomba makohozi?”

Mama mmoja wa mtaa unaoitwa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, alituuliza hivyo maabarani, kichupa amekishika kwa ncha za vidole. Mwanawe mchimbaji alikuwa na wiki tatu za kukohoa, na maabara moja ya binafsi ilishamwambia: lete pesa, tupime damu, majibu papo hapo.

Kipimo cha namna hiyo kipo kweli. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda ukikutana na adui. Kwa virusi vya UKIMWI (SIDA) njia hiyo inafaa, maana vikishaingia mwilini havitoki. Ukikuta askari wa kupambana navyo kwa mtu mzima, virusi navyo vimo. Kipimo cha haraka cha malaria hakishughuliki na askari kabisa, kinanasa protini ya kimelea chenyewe.

Kifua kikuu hakiendi hivyo. Karibu robo ya watu duniani wameambukizwa bakteria wake, lakini katika kila 100 ni 5 hadi 10 tu watakaougua maishani mwao. Kwa wengine bakteria amelala. Basi askari unaweza kuwakuta kwa mtu asiyeumwa chochote, au kwa aliyepona miaka mingi iliyopita. Hata bakteria wa ukoo huohuo wanaoishi majini na udongoni, ambao kwa kawaida hawana neno na mtu, wanaweza kukivuruga kipimo. Na mgonjwa halisi naye anaweza kuonekana hana kitu: bakteria hujificha ndani ya seli zilezile zilizotumwa kummeza, na mwili humkabili kwa seli zaidi kuliko kwa kingamwili. Mwenye UKIMWI, ambaye kifua kikuu humuua upesi, mara nyingi ndiye mwenye askari wachache.

Tuhesabu kwa mfano wa kubuni. Watu 100 wanakohoa, 10 wana kifua kikuu. Kipimo kinawaona 6 kati ya hao 10, na kinawasingizia 18 kati ya wale 90 wasio nacho. Watu 24 wanaambiwa wameze dawa miezi sita, 18 kati yao bure. Wagonjwa 4 wanarudi nyumbani na karatasi safi, wanalala chumba kimoja na watoto.

Ndiyo maana mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani, baada ya kupitia tafiti 94, lilisema vipimo hivi vya kingamwili visitumike kutafuta kifua kikuu. India, ambako vilikuwa biashara kubwa, ilivipiga marufuku mwaka 2012.

Makohozi yana faida moja kubwa: humo unamtafuta bakteria mwenyewe, si nyayo zake. Daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kumgundua tarehe 24 Machi 1882, na hadubini bado inamwonyesha, ila bakteria wanahitaji kuwa wengi, kama 10,000 katika mililita moja. Mashine ya GeneXpert husoma vinasaba vyake, hugundua hata wakiwa wachache zaidi, na ndani ya saa mbili hukuambia pia kama dawa ya rifampicin itamshinda au la. Mtoto mdogo asiyeweza kutema anaweza kupimwa kwa choo chake.

Kwa mchimbaji sitaki mchezo. Vumbi la mawe likishakaa mapafuni, kifua kikuu hupata njia rahisi.

Kichupa cha kwanza kilirudi na mate matupu. Tulimweleza mama: asubuhi, kabla ya kula, asukutue kwa maji, atoke nje penye hewa, avute pumzi hadi chini, ndipo akohoe. Cha pili kilikuja kizito, cha manjano, na ndicho kilichoingia kwenye mashine.